Sumaya na Rubani Asiyerudia Neno

Sumaya Massoudi alikuwa ameongoza ndege kutoka mnarani kwa miaka ishirini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna kiumbe alichokidharau kama rubani mvivu wa maneno. Wazembe wengine aliwavumilia. Mumewe Ilias alisahau ufunguo mlangoni kila wiki, na Sumaya akamsamehe kila wiki. Lakini mtu aliyekabidhiwa roho za watu, akaambiwa apite wapi na asimame wapi, kisha akajibu "sawa, sawa" kama anayefukuza nzi, huyo alimwona si kitu.

Hilo alilitoa kwa baba yake. Mzee Massoudi alikuwa fundi magari katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, na hakuingia chini ya gari kabla aliyeketi juu hajatamka kwa kinywa chake kwamba gia imetolewa na breki imevutwa. Ukimjibu "ndiyo" tu, alikukazia macho mpaka ukaona haya.

"Ndiyo ya nini?" alikuwa akiuliza. "Unajua mi nawaza nini?"

Uwanja wa ndege wa Bujumbura una njia moja ya kurukia. Anayetua na anayetaka kuondoka wote wanaigombea hiyo hiyo. Kwa hiyo ndege ikiwa bado chini, inatembea polepole kutoka maegeshoni, mwongozaji humwambia rubani kwa redio aishie wapi, naye rubani sharti alirudie agizo lote, ijulikane kwamba kilichosemwa ndicho kilichosikika. Hapana uchawi hapo. Mtoto wa chekechea angeweza.

Gaël alijiona mkubwa kuliko kazi hiyo. Alirusha ndege ndogo ya kukodi, akikaa Kinindo katika nyumba ya baba mkwe wake, na miwani myeusi hakuivua hata mvua ikinyesha. Alitembea kana kwamba amerithi anga. Sumaya akimpa agizo, hakujibu kwa maneno. Alibonyeza kitufe cha redio mara mbili: tik, tik. Maana yake, nimekusikia mama, nyamaza.

Mwanzoni Sumaya alimkatalia.

"Rudia agizo."

Tik, tik.

"Rudia agizo, tafadhali."

Kukasikika pumzi ndefu, kisha sauti ya Gaël: "Madame, mi nimetua kwenye viwanja ambavyo we unaviona kwenye kalenda. Nimesikia."

Adrien, mwenzake wa zamu, mkazi wa Ngagara, alicheka mpaka akamwaga chai. Sumaya hakucheka. Aliandika ripoti, ikalala kwenye droo. Akaandika nyingine, ikaenda kulala na mwenzake. Ya tatu ilimfanya mkuu wake amwite na kumwambia aache kugombana na vijana. Tangu siku hiyo hakumdai tena Gaël neno. Alitoa agizo lake kamili, silabi kwa silabi, akasikia tik tik, akabetua mdomo na kugeukia kazi nyingine. Mpumbavu haombwi adabu, alijiambia. Na kusema kweli, dharau ile ilikuwa na utamu wake. Aliinyonya taratibu kama pipi.

Jumanne moja ya Machi, saa nane mchana, mvua ilikuwa imetoka kukatika na lami ilikuwa inafuka mvuke. Ndege ya mizigo ilikuwa inakuja kutua kutoka upande wa ziwa. Rubani wake alikuwa Namegabe, mtu wa Bukavu, mzee wa kazi. Gaël akaomba kutoka maegeshoni.

"Nenda mpaka mstari wa kusimama," Sumaya alimwambia kwa Kifaransa, lugha ya kazi. "Usiingie njia ya kurukia. Kuna ndege inatua."

Tik, tik.

Sumaya akabetua mdomo, akainamia karatasi zake.

Alipoinua macho, ndege nyeupe ya Gaël ilikuwa imefika kwenye mstari wa njano na haikupunguza mwendo. Pua yake ikavuka. Baadaye ilijulikana kwamba Gaël alikuwa anamsimulia abiria wa kiti cha mbele jinsi Ziwa Tanganyika linavyopendeza kutoka juu.

"Simama! Gaël, simama hapo!"

Ndege ikaendelea, ikaingia nzima nzima katikati ya njia. Sumaya akaachana naye, akamwita mwenye akili.

"Ndege ya mizigo, usitue! Paa tena, kuna ndege njiani!"

"Situi, napaa tena, kuna ndege njiani," Namegabe alijibu, kila neno mahali pake, na injini zikanguruma. Ile ndege kubwa ikapita juu ya ile ndogo, karibu kiasi kwamba Adrien alijifunika kichwa kwa mikono, huko juu mnarani alikokuwa.

Ndipo Gaël akapata ulimi. "Hiyo ilikuwa nini?" akauliza.

Siku nne baadaye Sumaya, Adrien na Gaël waliitwa mbele ya mkaguzi, mwanamke mkimya aitwaye Irène. Gaël alikuja na shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe.

"Madame hakusema wazi," alieleza. "Mnajua Kifaransa cha hawa watu wa Buyenzi. Wanatafuna maneno."

Aliyasema hayo Sumaya akiwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Irène aliwasha kinasa sauti. Sauti ya Sumaya ikatoka, safi, hata bibi kiziwi wa Kamenge angeielewa. Kisha tik, tik. Kisha kimya kirefu, sekunde tisini, ndipo ule ukelele wa "Simama!"

"Uliambiwa nini?" Irène akamuuliza Gaël. "Nisemee."

"Niende... mpaka kwenye..." Gaël alianza, akakwama. Alikuwa amelisikia agizo lile dakika hiyo hiyo, na bado hakulijua. Sumaya alimtazama kutoka kiatu hadi miwani na hakuona hata pa kuanzia kumhurumia.

Irène akamgeukia yeye. "Na hizi sekunde tisini? Kwa nini hukumdai arudie?"

Uongo ulikuwepo mwingi wa kuchagua: redio ilikoroma, kazi zilimzidi. Adrien alikuwa anamkonyeza achague mmoja.

"Nilikuwa namuzarau," Sumaya alisema.

"Unasema?"

"Nilijua hasikilizi. Nimemujua miezi mingi. Nikaona si kazi yangu kumufundisha mutu mukubwa. Redio? Apana, redio ilikuwa muzuri. Ni zarau tu."

Irène akaandika. Kisha akasoma majina ya abiria waliokuwa nyuma ya Gaël siku ile. Walikuwa saba, mmoja wao mama mwenye kichanga. Mpaka hapo Sumaya hakuwa amewawaza hata mara moja. Alikuwa amedharau kichwa kimoja akasahau vingine vyote.

Gaël alinyang'anywa leseni miezi sita, na kampuni yake ikamtupa bila kuaga. Sumaya aliondolewa kwenye redio mwezi mzima, akarudishwa darasani na vijana wenye umri wa mwanawe Khaled, akajifunza upya yale aliyowahi kuwafundisha wengine.

"Ungenyamaza, nani angejua?" Ilias alimuuliza nyumbani.

"Mi ningejua," alijibu, na jicho alilomtupia lilimtosha. Jicho hilo hilo alikuwa anajitupia mwenyewe kila asubuhi kwenye kioo, na halikuwa tamu hata kidogo.

Mwezi wa Novemba Gaël alirudi angani, rubani msaidizi wa kampuni nyingine. Sumaya alimpa agizo la kwenda kwenye mstari na kusubiri.

"Sawa, Madame."

"Sawa ya nini? Rudia agizo. Usiporudia, ndege haisogei."

Dakika mbili zikapita, mafuta yakiungua, abiria wakitoka jasho. Sumaya hakuondoa macho kwenye ile ndege wala kidole kwenye kitufe. Hatimaye Gaël akarudia lote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya mtu anayetafuna ndimu.

"Ni sahihi," Sumaya akamwambia. Hakumsamehe, wala hakumwona bora kuliko zamani. Alimwangalia mpaka magurudumu yaliposimama kabisa kabla ya mstari, ndipo akaita ndege iliyofuata.