Mama Povu na Fomu ya Ustawi

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, kwa kuwa tangu afiwe na mumewe alikuwa akifua nguo za watu, na vidole vyake havikukauka. Kikohozi kilipoanza alikificha. Nani atampa shuka zake mtu mwenye kifua kikuu? Wateja wachache waliogundua walihamia kwa wafuaji wengine kimyakimya, mmoja mmoja. Dawa za kliniki alipewa bure, lakini akizimeza na njaa zilimsokota tumbo, akaziacha. Alipoziacha, hata leso ikamshinda kukamua.

Asubuhi aliyosikia afisa wa ustawi wa jamii anakuja, wifi yake alifika mbio na viti viwili, zulia na chupa ya chai.

"Huyo ndiye aliyewabeba watoto wa kona ile hadi makao ya watoto. Akikuta mkeka mtupu, mjukuu wako hulali naye leo."

"Na nikikohoa, wifi?"

"Meza! Kwani mate yanauzwa?"

Hawakucheka. Mjukuu, msichana wa miaka sita, alifichwa nyuma ya pazia, akaambiwa asipumue kwa sauti, na wifi akaondoka.

Afisa alikuwa binti mpole, viatu vimejaa vumbi. Aliamkia, akaketi, akanywa chai, akatazama zulia.

"Kliniki wanasema umeacha dawa, mama. Tulidhani ni kwa kukosa chakula. Kuna unga na maharage ya miezi sita kwa wasiojiweza. Lakini kwako naona..." Kalamu ilielea juu ya fomu.

Mama Povu aliikodolea kalamu ile. Huenda ni mtego. Huenda si mtego.

"Vitu hivi si vyangu, mwanangu," alisema. "Ni vya wifi yangu. Mimi jana nimelala na maji."

Afisa aliandika, polepole. "Na humu unaishi peke yako, kama ulivyosema kliniki?"

"Peke yangu."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, kilichozuiwa kwa kiganja.

Mama Povu alikijua. Wiki mbili alikuwa akijiambia ni vumbi.

Afisa aliinuka akafungua dirisha. "Analala wapi?"

"Kifuani kwangu."

"Muite, mama."

"Mtamchukua?"

"Tutampima. Leo, na wewe ukiwa naye. Zaidi ya hapo sitakudanganya, sijui."

Alifungua mdomo mara mbili kabla jina halijatoka. Pazia liliposogea, alimshika mtoto mkono, akaubana mno, na hakuulegeza hata mtoto alipolalamika.