Kikohozi cha Mwendesha Lifti

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi Juu-Chini aliwabishia wahenga kwa muda mrefu, tena kwa ustadi, maana kazi yake ilimpa pa kufichia. Alikuwa mwendesha lifti wa hospitali, na lifti ikishashusha watu na mlango kujifunga, nani anamwona aliyebaki ndani? Alikuwa akisubiri safari tupu, anakohoa hadi anaridhika, anafuta mdomo kwa leso, anaikunja leso haraka haraka, halafu mlango ukifunguka anatoa lile swali lake lililomzalia jina: "Haya wapendwa, juu au chini?"

Siku ya kuumbuka, lifti ilikwama. Umeme ulikatika kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, taa ndogo ya dharura ikawaka. Ndani walikuwa wawili tu, yeye na daktari wa kifua, mwanamke kijana ambaye Juu-Chini alikuwa akimpandisha tangu akiwa mwanafunzi mwenye koti linalompwaya.

"Mzee wangu, leo umeniteka," daktari akatania.

"Nikuteke nikupeleke wapi, mwanangu, na gari lenyewe haliendi?"

Wakacheka. Kicheko ndicho kilichomponza. Kikohozi kilipanda, akajikaza kisabuni, akameza mate, akageukia ukutani. Wapi! Kilitoka na damu, nyekundu, yenye povu, ikarukia vitufe vya lifti. Hapakuwa na mahali pa kwenda.

"Fizi tu hizo," akasema, leso ikiwa mdomoni.

"Damu ya fizi haina povu, mzee wangu, wala haisubiri kikohozi." Daktari alitoa barakoa mbili mfukoni, akavaa moja, akampa nyingine. Akaangaza huku na huku. "Humu hewa inaingilia wapi?"

Juu-Chini akainua macho kwenye tundu la feni. Alikuwa ameliziba mwenyewe kwa kipande cha boksi na utepe wa gundi. Kina mama waliokuwa wakishuka na vichanga kutoka wodi ya wazazi walilalamika kwamba upepo unawapiga watoto wao, naye kwa huruma yake akaziba. Alisifiwa sana kwa hilo, hata muuguzi mkuu alimpa mkono. Kuna wema mwingine, jamani, afadhali mtu angejilalia tu. Daktari akapanda juu ya kigoda cha mzee na kulibandua lile boksi kwa kucha.

Umeme uliporudi alimpeleka moja kwa moja kwenye chumba chake, chumba chenye madirisha makubwa yaliyo wazi, akaanza kumhoji. Damu inakuja ukikohoa au ukitapika? Ukikohoa. Nyekundu, au nyeusi iliyochanganyika na chakula? Nyekundu. Puani haitoki? Haitoki. Kiasi gani, kijiko au kikombe? Kijiko, na siku nyingine pungufu. Sigara je? Dawa za kuzuia damu isigande? Jasho la usiku? Nguo zimeanza kukupwaya? Hapo Juu-Chini akainua shati kidogo, akamwonyesha mkanda alioutoboa tundu jipya kwa msumari. Alijibu yote bila kupindisha, kwa sababu hakuna swali hata moja katika hayo lililomgusa penyewe.

"Na ilianza lini?"

Juu-Chini akaanza kuikunja leso upya.

Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, baada ya miaka mingi ya kuitwa mgumba na watu wasio na kazi. Mama na mtoto walikaa muda wodini, ghorofa ya nne, na kila lifti ilipotulia babu alikwea huko kumbeba "mchumba" wake. Manesi walimfumbia macho. Si mtu wa nyumbani? Lakini damu ilikuwa imeshaanza. Aliiona kwenye leso, akajiambia koo limechubuka, akanawa mikono kwa sabuni, akaenda kumbeba. Mtu aliyesubiri mjukuu mpaka mvi zikamjaa, leo aambiwe asimame mlangoni amtazame kwa mbali? Alimbeba, akamwimbia uso kwa uso. Siku ya kuruhusiwa aliwateremsha mwenyewe, boksi likiwa limekaa barabara juu ya vichwa vyao.

Akisema kweli, mtoto ataitwa kupimwa na mama yake atajua. Akinyamaza, atabaki babu mwema.

"Juzi," akasema.

"Juzi." Daktari hakubishana. Akampa kijikopo, akamtoa nje juani. "Vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka chini kabisa. Sitaki mate." Kisha akapelekwa kupigwa picha ya kifua. Alivua shati, akabana kifua kwenye bamba la baridi, akasikia sauti ikimwamuru asipumue. Hata wasingemwamuru, tangu lile swali alikuwa hapumui.

Akarudishwa kwenye chumba cha madirisha kusubiri. Lifti ilikuwa ng'ambo ya ukuta, aliisikia ikipanda na kushuka, mtu mwingine akiiendesha vibaya, akiisimamisha kwa kishindo. Miaka yote hiyo ndani ya kisanduku cha chuma hakuwahi kujiona mfungwa hata siku moja. Sasa mlango ulikuwa wazi, upepo ukipita, na alijiona amefungiwa. Aliogopa. Aliwaza kuondoka zake, akawaza aende wapi, akabaki kwenye kiti.

Daktari alirudi jioni, akaibandika picha kwenye taa.

"Baba, tazama hapa juu, pafu la kulia. Hili ni shimo. Na kwenye makohozi mashine imeona vijidudu vya TB. Utapona, dawa zipo, ukizimeza zote. Ila shimo kama hili halichimbwi kwa siku mbili."

Juu-Chini akatazama sakafu.

"Sikuulizi ili nikugombeze," daktari akaendelea. "Mtu mzima anaweza kukaa na vijidudu hivi miaka na asiugue. Mtoto mchanga hana ubavu huo. Kwake vinakimbilia hata kwenye ubongo, tena haraka. Tukimwahi tunampima, tunampa dawa ya kumkinga. Lakini lazima tumwahi."

Hakumtaja mjukuu, wala hakuwa na haja. Hospitali nzima ilikuwa imeshaonyeshwa picha ya yule mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Juu-Chini, kwa kiburi chake, angekubali kuumbuliwa. Lakini kifo hiki kingempita yeye kimfuate mtoto.

"Ilianza kabla hajazaliwa," akasema, akalia, machozi yakimlowesha barakoa.

"Nimpigie mama yake mimi, au wewe?"

"Mimi."

Binti alipokea kwa furaha. "Baba! Umetususa kabisa. Mchumba wako ameanza kutabasamu, njoo umwone."

Maneno hayakutoka kwa mpangilio. Alisema TB, akasema shimo, akasema kuna dawa ya kumkinga, akasema mlete leo hii, mama, usingoje kesho. Upande wa pili alimsikia mtoto akinyonya.

"Ulipokuwa unambeba," binti akauliza polepole, "damu ulikuwa umeshaiona?"

Juu-Chini akaitazama ile picha kwenye taa. Lile shimo lilionyesha ugonjwa ulianza zamani, lakini hakuna picha ya kifua inayoonyesha mtu alijua nini. Angeweza kusema hakuiona, na hakuna ambaye angempinga mpaka anaingia kaburini.

"Nilikuwa nimeiona, mwanangu."

Alimsikia mtoto akiachishwa ziwa na kuanza kulia.

"Tunakuja," binti akasema. Hakumwita baba, akakata simu.