Duka Lilipofungwa Ijumaa Kuu

Juzi, Ijumaa Kuu, nilikuta duka la misheni limefungwa, nikarudi nyumbani nalia. Nikiwa mdogo nilifika pale na mama. Alibeba chungu kipya, bado kinanukia moshi, akibadilishe na kitambaa cheupe cha kumzikia mdogo wangu. Kengele ilikuwa inalia taratibu, watu wamevaa nyeusi.

"Leo tuna msiba, mama. Hatuuzi, njoo kesho," alisema mwenye duka.

"Mtoto hawezi kungoja kesho, baba."

Mimi nilifurahi. Nilidhani wote wanamlilia mdogo wangu. "Ndaga, baba," nikamshukuru.

Sasa nimesoma, najua walikuwa wanamlilia Yesu. Ila kitambaa kilikuwa mle ndani!

Jioni tulimzika kwa majani ya mgomba, huku mimi nasikiliza kengele yake.