Fundi Cherehani na Ukuta wa Mabingobingo

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa dirishani. Ng'ombe wake naye aliitwa Bibi Harusi, maana alitembea kwa maringo hata akienda kunywa maji.

Pembeni mwa ua wa Fundi palisimama safu ya mabingobingo, yale majani ya ng'ombe yenye mashina kama mua mwembamba. Marehemu mumewe ndiye aliyeyapanda, mwaka mmoja kabla hajafariki. Sasa yalikuwa yamepita paa la nyumba. Kila asubuhi Fundi alikata mashina machache tu, tena ya nyuma, ili kwa mbele safu ibaki vilevile alivyoiacha marehemu. Wapita njia waliisifia, naye akivimba kichwa.

Lakini Bibi Harusi alikuwa amekonda, na jagi la maziwa halikuvuka nusu. Ng'ombe alikuwa mali ya marehemu na mdogo wake, kwa hiyo yule mdogo mtu alipokuja kusalimia hakuzunguka mbuyu. Alisema mvua zikiisha atarudi, na akimkuta ng'ombe katika hali hiyo atamchukua akamlishe kwake. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi. Usiku ule hakupata lepe la usingizi. Watoto walishahama, na Bibi Harusi ndiye pekee aliyebaki wa kumsemesha asubuhi.

Kilichomfungua macho ni kazi ya fundi bomba. Alipokuja kurekebisha mfereji alifyeka mashina ya kona ili apite. Wiki chache baadaye machipukizi yalikuwa yamefika kiunoni, laini, yamejaa majani. Siku moja Bibi Harusi alikata kamba, akaipita safu ndefu kama haioni, akaenda moja kwa moja kwenye ile kona.

"We bibi," Fundi alimuuliza, "huku kuna nini ambacho kule hakuna?"

Udadisi ulikuwa ugonjwa wake tangu utotoni. Aliwahi kufumua koti la mteja ili tu ajue limeshonwaje. Basi akachukua tepu ya kupimia nguo. Akafunga mizigo miwili yenye kiuno kimoja, inchi thelathini kila mmoja, mmoja wa majani marefu na mwingine wa yale ya kona. Ule mrefu aliutia horini asubuhi, ule wa kona jioni. Kisha akachungulia masalio. Asubuhi aliondoa beseni zima la mashina makavu, magumu kama kuni. Jioni hori lilikuwa limelambwa. Alirudia siku tatu, akiandika kwenye daftari la vipimo, chini ya kifua na mabega ya wateja wake, hadi akashindwa kubisha. Ule urefu aliokuwa akijivunia ulikuwa kuni tupu.

Kujua ni kitu kimoja, kushika panga ni kingine. Siku mbili alizunguka ile safu, akajitafutia visingizio vya kushona. Siku ya tatu alianza kukata huku analia, hatua tano tano kila wiki ili ng'ombe asikose chakula, akiacha visiki vya urefu wa kiganja na kuvimwagia samadi. Ua ukabaki wazi, na hata jua likaingia jikoni.

Mvua zilipoisha shemeji alirudi. Aliduwaa langoni.

"Shemeji, umekata majani ya kaka?"

"Aliyapanda ng'ombe ale," Fundi akajibu. "Mimi niliyageuza pazia."

Shemeji alimtazama Bibi Harusi aliyenenepa, akalitazama na jagi lililojaa, akainama kushika machipukizi mapya yaliyofika kiunoni. Mwisho akaomba mbegu akapande kwake, na kamba aliyokuja nayo kumchukulia ng'ombe akaiandaa kufungia mbegu hizo.

Fundi alimchagulia mashina yaliyokomaa, machache aliyokuwa ameyabakiza nyuma, akayakata vipande vya vifundo vitatu vitatu.

"Vifundo viwili ardhini, kimoja juu. Kipande ukilaze kidogo, usikisimamishe kama askari."

Mkono wa shemeji ukasita kwenye kamba.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema kaka," alisema taratibu.

Fundi hakuwa amejua kwamba anayarudia maneno ya mumewe mpaka hapo. Akaendelea kukata, vitatu vitatu, na sauti ya marehemu ikiwa bado mdomoni mwake.