Kima Mlangoni mwa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya wageni Diani, vyumba sita, na mwaka ule vyote sita vilikuwa vitupu. Watalii walikuwa wameadimika pwani nzima. Alikuwa amekwisha sema wazi: Ramadhani ikiingia bila mgeni, atamuuzia nyumba tajiri mmoja wa bara aliyekuja kila Ijumaa kupima ua kwa hatua zake. Naye atarudi Vanga kwa baba yangu mdogo, ambako hata chai ataiomba.

Mimi ndiye niliyejitia kimbelembele. Nilikuwa nimetoka kusomea kompyuta Mombasa, nina cheti, na kiburi kilichozidi cheti. Nikamwambia nitamtengenezea ukurasa kwenye mtandao, Wazungu wauone huko huko kwao.

Kazi niliifanyia Ukunda, kwenye ofisi ya kukodisha kompyuta, ambako mtandao ulikatika kila mwenye ofisi alipompigia mkewe simu. Wiki tatu nilimshughulikia kima. Alikuwa picha inayotembea: anaruka kutoka mnazi wa kushoto hadi wa kulia, anakonyeza, anarudi. Sijawahi kukipenda kitu nilichokitengeneza kama nilivyompenda kima yule.

Nikamleta shangazi amwone. Alimtazama akiruka mara mbili, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, miaka yote hii nawafukuza kima wasiibe mikate ya wageni, nawe umemtia mlangoni?"

"Ni pambo, shangazi."

"Na salamu ziko wapi?"

Nikamwonyesha nilichoandika: vyumba, bei, simu. Akashika kifua.

"Bei! Mtu hajakaribishwa, hajaulizwa watu wa kwake, wamwambia bei? Atasema tumelelewa wapi?"

Akaanza kunitajia maswali, nami nikiyageuza Kiingereza kwa aibu. Hujambo? Umeamkaje? Nyumbani ni salama? Watoto je? Wazazi hawajambo? Mifugo? Mvua zimenyesha huko? Mwenye ofisi, mtu wa bara, akachungulia begani kwangu.

"Manze, hii ni website ama ni barua?"

Ukurasa ukawa mzito, haufunguki. Nikamwambia shangazi apunguze maswali; akaniambia nimpunguze kima. Nikatoa mnazi mmoja, akatoa mifugo. Nikatoa kukonyeza, akatoa swali moja la afya kati ya matatu. Tulizozana hivyo mpaka alasiri, na suluhu ikapatikana tulipofuta vyumba, bei na simu, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa akivitetea. Tukaagana na mwenye ofisi kwa furaha. Hakuna aliyegundua kwamba ukurasa ule sasa haukusema popote kuwa ni nyumba ya wageni.

Barua ya kwanza ilikuja baada ya mwezi, kwa anwani yangu ya barua pepe iliyokuwa imebaki chini ya ukurasa. Bwana mmoja aliuliza kima ni bei gani, na kama anauma.

Ya pili ilitoka kwa mama mmoja wa nchi ya baridi, naye alijibu kila swali kwa mpangilio wake. Sijambo. Nimeamka vizuri kiasi. Nyumbani ni kimya. Watoto sina. Mama yangu alifariki mwezi uliopita, na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Mvua ipo tele.

Nilimsomea shangazi jikoni. Akaweka mwiko chini.

"Mwambie aje."

"Hajauliza chumba, shangazi."

"Mimi nimekuuliza kama ameuliza? Mwambie aje!"

Alifika ikiwa imebaki wiki moja Ramadhani iingie, karatasi ya salamu mkononi, na shangazi akazianza upya palepale getini, mimi nikitafsiri, sanduku likiwa juani. Alikaa miezi miwili. Bei aliijua siku ya nne. Tajiri alipokuja Ijumaa alikuta nguo za mgeni zimeanikwa katikati ya ua aliokuwa akiupima, akageuza gari.

Sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza yule mama alimwonaje kima.

"Kima gani?"

Kwenye kompyuta yake palitokea mraba mtupu tu. Alingoja kidogo, akachoka, akaanza kusoma maneno. Wiki tatu zangu! Niliumia, na sitaficha kwamba nililia. Kesho yake nikaenda Ukunda, nikamfuta kima kwa mkono wangu mwenyewe, na pale alipokuwa nikaandika kwamba tuna vyumba vitano vitupu.