Siku Sita Mezani kwa Bi Edith

Harufu ya nta na mbao kuukuu ndiyo iliyonipokea siku ya kwanza nilipoingia sebuleni kwa Bi Edith, jirani yetu wa ukuta mmoja huko Walthamstow, nchi ya Waingereza. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na mama tulikuwa tumeondoka Unguja baada ya mapinduzi. Baba alibaki, na barua zake zilikuwa zimekoma. Mama alifua mashuka ya hospitali, akarudi, akapika, akalala. Habari za kwetu hazikutajwa nyumbani. Jumatatu hiyo Bi Edith, mjane ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alibisha hodi akaomba nimsaidie kuona. Jumamosi angehamia kwa dada yake, mbali, na kabla ya hapo alitaka kuitazama tena picha ya kijiji alichozaliwa.

Picha yenyewe ilikuwa mchezo wa kupanga: ubao mmoja uliochorwa, kisha ukakatwa na baba yake kwa msumeno mwembamba kuwa vipande mia nne, vikawekwa ndani ya sanduku. Juu ya sanduku hapakuwa na mchoro wa kutuongoza. Siku tatu nilihangaika na vipande vya buluu nisijue kipi mbingu, kipi mto. Alhamisi mama alikuja kunichukua, sare ya kazi ingali mwilini. Aliokota kipande, akakinusa, akaketi bila kukaribishwa, akaanza kuvipindua vyote kifudifudi juu ya ubao mpana. Bi Edith aliniuliza mama anafanya nini.

"Babu yako alikuwa akichonga milango," mama akanijibu. "Ubao una nyuzi zake. Mwambie nafuata nyuzi."

Mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Vidole vyake vilikwenda bila kusita, kipande kikiita kipande, na mimi niliyemjua kwa ufuaji tu nikamtazama kama mgeni. Jumamosi asubuhi, gari likisubiri nje, tulifunika kazi yake kwa ubao wa pili, tukaipindua kwa mikono sita.  Mashamba ya ngano yalitandaa mezani, farasi wakivuta gari la nyasi kavu, moshi ukipanda juu ya paa moja dogo. Bi Edith aliinama hadi pua ikakaribia mbao. Alisema, hapo ndipo kwetu.

Nilimfasiria mama. Aligusa kwa kidole lile paa dogo.

"Mwambie kwetu shamba kuna mikarafuu," akasema. "Karafuu zikianikwa, njia nzima hunukia."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile sikujua nani mgeni, nani mwenyeji. Tangu hapo mama alinisimulia Unguja kila jioni. Baba alitufikia nikiwa na miaka kumi na miwili, akanikuta naijua mitaa ya kwao nyumba kwa nyumba.

Leo wanangu hunisikia kwa Kiswahili, hunijibu kwa Kiingereza. Simu yangu imejaa picha za Unguja, nazipitisha kwa kidole nikiwa ndani ya basi. Sijapata kukaa na hata moja kwa siku sita.