Sikio ya Papa Ilunga

Leo nimetukana muchoraji moja mbele ya kliyan mwenye alinileteya kazi. Bantu ya Kamina, musicheke!

Mama Ngoie alikuja na karatasi ya zamani: sura ya kuchorwa ya bwana yake, Papa Ilunga, machiniste, mwendeshaji wa treni, mwenye alikufa mu vita.

«Foto ingine haiko. Unichorere yeye mukubwa, na rangi.»

Minyi muchoraji, kichwa juu, nikasema: «Mama, nani aliharibu muntu hivi? Sikio moja iko kama ya tembo!»

«Geuza karatasi.»

Nyuma ilikuwa fomu ya gare ya treni. Na jina yangu. 😳

Yote ikanirudia mu kichwa. Ile mwaka ya vita karatasi ilikosa. Papa Ilunga alinipa ile fomu, akaikala mbele yangu nimuchore, minyi mutoto wa masomo. Nilipomaliza, alitazama sikio, akacheka mpaka machozi.

Kisha: «Weka jina. Fundi anawekaka jina.»

Muntu wa kwanza kuniita fundi! Weye, nani alikuita fundi wa kwanza?

«Mama, ile sikio nitaitengeneza.»

«Hapana! Alikuwa anaichekaka kila asubui.»

Basi nimechora. Lakini mukono imezoea kazi, kukosea tena inanishinda.

Mama anatazama.

«Sikio bado ndogo, fundi. Ongeza.»